Uzi wa malalamiko: Acheni kuwafundisha vijana kugonga "!" kila Vim inapogoma

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Leo naandika nikiwa nimekasirika.

Hapa Dar wamejaa watu wanaojiita wakufunzi wa Vim, kile kihariri cha maandishi kinachoendeshwa kwa amri za kibodi. Wako kwenye video, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye mafunzo ya wikiendi Sinza na Kijitonyama. Kijana anakuja na laptop ya mtumba ya Kariakoo, RAM 4GB, anatafuta kihariri chepesi. Anakabidhiwa `.vimrc` (faili la mipangilio ya Vim) ya kunakili yenye plagini lukuki, anafundishwa kubadilisha rangi na kupamba mstari wa chini, anaambiwa ameiva. Ukimuuliza `:ls` inafanya nini, anakutolea macho. Siku ya kazi ana mafaili sita wazi, Vim inamtupia E37, kosa la kuwa na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, naye anafanya alichofundishwa: anaongeza alama ya mshangao. Kazi yote imekwenda na maji, na lawama zinaangushiwa Vim.

Tuielewe hiyo E37 kwanza. Faili likiwa wazi ndani ya Vim, maandishi yake yanakaa kwenye bafa, yaani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Dirisha ni mahali pa kuitazamia tu. Mpangilio wa `hidden` ukiwa umezimwa, na Vim huja ukiwa umezimwa, bafa isiyoonekana kwenye dirisha lolote huondolewa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo ukibadilisha kitu bila kuhifadhi, kisha ukaandika `:e` ya faili lingine au `:b 2`, Vim inakataa kwa sababu haiwezi kukuondolea kitu ambacho hakijafika kwenye diski. Inakulinda! Ujumbe unamalizia kwa kusema unaweza kuongeza `!` ukitaka kulazimisha, na wakufunzi wetu kusoma kwao kunaishia hapo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hakuna anayewaambia kuwa `!` hiyo haifanyi kitu kimoja kila mahali:

- `:b! 2` inaificha bafa uliyokuwa nayo na kukupeleka namba 2. Mabadiliko yako yapo salama.
- `:e! mteja.php` inatupa mabadiliko ya faili ulilokuwa nalo, ndipo inafungua hilo jipya. Alama ileile, matokeo kinyume kabisa.
- `:e!` bila jina inasoma upya faili lako kutoka kwenye diski. Hapa bado una bahati: ukigonga `u` (kutengua) papo hapo unarudishiwa, mradi faili halifiki mistari 10000, kwa sababu ya mpangilio wa `undoreload`.
- `:bd!` inatupa. `u` haitakusaidia.

Halafu ije `:q!`. Ukiwa kwenye dirisha la mwisho na kuna bafa nyingine iliyofichwa yenye mabadiliko, `:q!` inatupa ya bafa uliyopo, kisha badala ya kutoka inakuletea mbele ile iliyofichwa. Asiyejua anadhani amri haikushika. Anarudia `:q!`. Na tena. Kila anaporudia, faili moja linapoteza mabadiliko yake. Akichoka anaandika `:qa!`, na hiyo inamaliza kila kitu kilichobaki, pamoja na mafaili ya `.swp` (nakala za akiba za kazi inayoendelea), maana Vim ikitoka kwa hiari huyafuta. Bando likikata ukiwa kwenye seva kwa SSH (njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali), au umeme ukikatika, `.swp` inabaki na kazi inapatikana. Ukitoka kwa `:qa!` hakuna cha kufufua. Yaani umeme ukikatika uko salama kuliko ukimsikiliza mkufunzi wako!

Dawa ni mistari miwili ambayo ingetakiwa kuwa ya kwanza katika kila `.vimrc` inayogawiwa mjini hapa:

```
set hidden
set confirm
```

Wa kwanza unaruhusu bafa kufichwa ikiwa na mabadiliko yake, kwa hiyo E37 za kuhama faili zinakwisha. Kuna faida nyingine ambayo haitajwi: `hidden` ikiwa imezimwa, hata ukihifadhi vizuri kabla ya kuhama, historia ya kutengua inapotea bafa inapoondolewa, labda uwe umewasha `undofile`, inayoiweka historia hiyo kwenye diski. Wa pili unafanya Vim ikuulize uhifadhi, utupe au ughairi, badala ya kukurushia kosa. Wa Neovim (tawi la Vim), `hidden` kwenu huja ikiwa imewashwa, ndiyo maana mnatushangaa.

Ukiwasha `hidden` una deni moja: kujua nini kimefichwa bila kuhifadhiwa. Andika `:ls +`, utaona bafa zenye mabadiliko peke yake. `:wa` inazihifadhi zote, `:xa` inahifadhi na kutoka. Kazi imeisha.

Sasa vichupo (tabs). Jamani, vichupo! Nani aliwaambia kila faili lifunguliwe kwa `:tabe`? Kichupo cha Vim ni mpangilio wa madirisha. Hakijawahi kuwa sawa na faili, tangu vilipoletwa na Vim 7.0 mwaka 2006. Bafa moja inaweza kuonekana kwenye vichupo vitatu kwa wakati mmoja, na kichupo kimoja kinaweza kubeba madirisha matano ya bafa tano. Mtu anafunga kichupo akidhani amefunga faili, kumbe faili bado liko kwenye orodha ya `:ls`. Baadaye anabadilisha tawi la Git kwenye terminali ya pembeni, faili linabadilika kwenye diski, Vim inatoa onyo la W11 au W12 kuhusu faili ambalo kwa akili yake alishalifunga zamani. Anapigwa butwaa. Vichupo vina kazi yake: kimoja kwa ajili ya msimbo, kingine kwa ajili ya kulinganisha mafaili mawili kwa `:diffsplit`. Basi.

Kuhama kati ya mafaili ni kazi ya bafa, na njia zipo tangu enzi. `Ctrl-^`, ambayo kwenye kibodi nyingi ni `Ctrl-6`, inakurudisha kwenye faili ulilotoka sasa hivi. Gonga tena unarudi. Ukitangulia na namba, mfano `4` kisha `Ctrl-^`, unaenda bafa ya nne. `:b` inakubali kipande cha jina: kama `malipo_controller.php` iko wazi, `:b malip` inatosha. Kukiwa na majina mawili yanayofanana utapata E93. Gonga Tab badala ya Enter uchague. Na mstari huu mmoja unachukua nafasi ya plagini nzima:

```
nnoremap <leader>b :ls<CR>:b<Space>
```

Orodha inatokea, unaandika namba au kipande cha jina, unaondoka. Kwenye orodha hiyo `%` ndiyo uliyopo, `#` ndiyo `Ctrl-^` itakayokupeleka, `a` inaonekana kwenye dirisha, `h` imefichwa, `+` haijahifadhiwa, `=` ni ya kusoma tu. Na msishangae namba kuruka kutoka 2 hadi 7. Vim haigawi upya namba ya bafa ndani ya kikao kimoja. Kuna "mtaalamu" anafundisha eti namba zikiruka kuna tatizo la kumbukumbu, uanze Vim upya. Uzushi mtupu.

Mwisho `:bd`. Inaondoa bafa kwenye orodha NA kufunga kila dirisha linaloionyesha. Ndiyo maana skrini uliyoigawa vizuri inavurugika. Ukitaka dirisha libaki:

```
:bp | bd #
```

Unahamia bafa iliyotangulia, kisha unaondoa ile uliyotoka. Kuondoa kundi zima, `:3,7bd`. Kubaki na uliyopo tu, `:%bd|e#`.

Mkufunzi asiyeweza kueleza haya bila kufungua plagini arudishe hela za watu.

---

Kibodi Kavu

Mkuu umeupiga mwingi, ila hapo kwenye `:bp | bd #` umepita haraka. Bafa hiyohiyo ikiwa wazi kwenye madirisha mawili, utaokoa dirisha ulilopo tu, lile la pili linafungwa. Lazima ukalihamishe nalo kwanza kwa `:bp`, ndipo uondoe. Na ukiwa na bafa moja tu kwenye orodha, `:bp` haikupeleki popote, kwa hiyo `#` inaweza kuwa haipo kabisa au ni faili lingine ulilolifunga zamani. Wanaoiweka kwenye kitufe kimoja wanalia kwa sababu hiyo.

Halafu `:bd` haifuti kila kitu, alama zako zinabaki na bafa bado ipo ukiandika `:ls!`, ina herufi `u`. Anayetaka kuifuta kabisa atumie `:bw`, akijua anafanya nini.

---

Ndugu Mtazamaji

Haya mateso yote ya nini wakati VS Code ipo? Unabofya, unaona faili, maisha yanaendelea.

---

Mleta mada

Ndugu, ingia kwenye seva kwa SSH kupitia bando la simu, kwenye laptop ya 4GB, halafu ubofye hiyo kitu utuletee majibu. Uzi huu ni wa watu walioshachagua Vim na wanafundishwa vibaya. Kila la heri na kipanya chako.

---

Dada wa Seva

Kaka, umegusa SSH, niongeze hapo maana ndiko watu wanakoharibu zaidi. Muunganisho ukikatika, Vim hupokea ishara ya HUP, inahifadhi `.swp` na kufa. Ukirudi na kufungua faili unakutana na E325, onyo kwamba `.swp` ya faili hilo ipo tayari. Vijana wanagonga D (futa) haraka haraka ili ujumbe uondoke, wanafuta kazi yao kwa mkono wao. Utaratibu ni huu:

1. Soma ujumbe. Ukisema mchakato bado unaendelea, kuna Vim nyingine imelifungua faili hilo. Toka kwa Q, uitafute.
2. Kama haiendelei, gonga R (rejesha kazi).
3. Hifadhi kwa jina lingine, `:w faili.okoa`, ulinganishe na la zamani kwa `:diffsplit`.
4. Ukiridhika, ndipo ufute `.swp` mwenyewe.

Mjue pia kwamba Vim huandika kwenye `.swp` kila baada ya herufi 200, au ukitulia kwa sekunde 4 bila kugonga kitu. Kwa hiyo kinachoweza kupotea ni maneno machache ya mwisho. Ukifungua Vim ndani ya tmux, programu inayoweka kikao chako hai kwenye seva, hata hayo hayapotei, unajiunga tena na kikao kilekile.

---

Kibodi Kavu

Wengine wanalia na `:bufdo`. Ukitaka kubadilisha neno kwenye bafa zote:

`:bufdo %s/zamani/jipya/ge | update`

Hiyo `e` inazuia kusimama pale neno lisipopatikana, na `update` inaandika zile zilizobadilika tu. Baadhi ya mafaili yakikosa rangi baada ya hapo msianze kusanidi upya kila kitu. `:bufdo` huzima tukio la Syntax inapofanya kazi, fungua faili upya kwa `:e` rangi zinarudi.

---

Mleta mada

@Dada wa Seva nakubali, hiyo ya E325 ingestahili uzi wake. @Kibodi Kavu sahihisho limepokelewa.

Na nje ya mada kidogo, kwa wale wanaouliza yale maneno ya Uganda kwenye ukurasa wa kwanza wa Vim ni ya nini: marehemu Bram Moolenaar, aliyeitengeneza Vim, aliomba watumiaji wachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, jirani kabisa na mpaka wetu. Andikeni `:help uganda`. Mnaochaji watu hela ya mafunzo kwa kitu cha bure mkaisome hiyo kabla ya darasa la Jumamosi, na mkitoka hapo mwandike `:help buffer-hidden`.