Bima ya gari kwa mwenye leseni mpya Uingereza

Kutoka: wa Langoni, yuko Leicester

Assalaam alaikum ndugu zangu wa Amu na Malindi. Leseni ya Uingereza imepatikana mwezi huu. Sasa natafuta gari dogo la kwendea kazini na kuwapeleka watoto madrasa, lakini bei za bima ninazopewa zinazidi bei ya gari lenyewe. Zinapangwa vipi, na pa kupunguzia ni wapi? Ami yangu ana leseni ya miaka mingi na amejitolea bima iandikwe kwa jina lake, mimi niingie kama dereva wa pili. Ni sawa?

Kutoka: wa Malindi, yuko Birmingham

Waalaikum salaam, na hongera ya leseni. Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari. La, si sawa. Kumwandika Ami kuwa dereva mkuu, na huku gari utaliendesha wewe kila siku, huku huhesabiwa udanganyifu hata kama nia ni kusaidiana. Kampuni haichunguzi siku ya kukuuzia, huchunguza siku ya ajali. Hapo ndipo huulizwa gari hulala wapi, nani huonekana nalo kazini, mafuta hulipiwa na kadi ya nani. Ikithibitika, mkataba hufutwa kana kwamba haukuwahi kuwepo, ada hairudi, na fedha watakazomlipa uliyemgonga wanaweza kuzidai kwako. Ami naye haponi: fomu za bima huuliza kama umewahi kufutiwa mkataba, na jibu la ndiyo hupandisha bei au humfungia mtu mlango kabisa.

Msaada wa Ami hata hivyo upo, kwa njia ya halali. Wewe uwe dereva mkuu, yeye awe wa pili, madhali kweli ataliendesha mara moja moja. Jina la mtu mzima mwenye rekodi safi mara nyingi hushusha bei. Omba bei bila yeye, kisha omba pamoja naye, ulinganishe.

Watu wetu huteleza hapa kwa mazoea ya nyumbani. Kenya bima kwa kawaida hufuata gari. Shemeji mwenye leseni ukimpa ufunguo aende Watamu, hakuna anayeuliza jina lake limeandikwa wapi. Uingereza bima hufuata majina yaliyomo kwenye mkataba. Asiyeandikwa asishike usukani, hata kulisogeza gari barabarani. Na usitafute stika ya bima ya kubandika kwenye kioo, haipo. Kamera za polisi husoma nambari pleti na kuilinganisha na hifadhidata ya bima papo hapo. Kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na gari linaweza kuchukuliwa. Kwako wewe mpya pointi 6 ni jambo zito kuliko faini: ukizifikisha ndani ya miaka 2 tangu ufaulu, leseni hufutwa, unarudi kwenye leseni ya mwanafunzi na kuanza upya mtihani wa nadharia na wa barabarani.

Kwa wengine wanaosoma hapa na hawajafanya mtihani: leseni ya Kenya inakubalika kwa miezi 12 tangu siku ulipoanza kuishi Uingereza, na haibadilishwi kwa ya huku kama ya Afrika Kusini. Mwaka ukiisha, bima uliyonunua kwa leseni hiyo haikusaidii kitu. Kwa hiyo omba leseni ya mwanafunzi DVLA, idara ya serikali ya leseni na magari, mapema, pauni 34 kwa mtandao, kwa sababu nafasi za mtihani wa barabarani husubiriwa kwa miezi. Na anayejifunza kwa gari la jamaa kwa bima ya wanafunzi aangalie sana: bima nyingi za aina hiyo hukatika dakika ile unapofaulu. Kurudi nyumbani kutoka kituo cha mtihani, usukani ashike yule aliyekusimamia, ikiwa yeye ana bima ya gari hilo.

Kutoka: wa Shela, yuko Luton

Mie naongeza juu ya gari, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Usinunue kwanza ukauliza bima baadaye. Chukua nambari pleti ya gari unalolitamani, iingize kwenye tovuti za kulinganisha bei, upate bima yake kabla hujatoa hata senti. Magari manne ya bei moja yanaweza kutofautiana kwa mamia ya pauni.

Kwa miaka mingi magari huku yamepangwa kwa makundi ya bima kuanzia 1 hadi 50, na 1 ndilo rahisi. Matoleo ya lita 1.0 ya Hyundai i10, Kia Picanto, Volkswagen Up na Skoda Citigo yako chini. Lakini toleo la juu la gari hilo hilo, lenye injini ya turbo au rimu kubwa, linaweza kupanda makundi kadhaa, basi angalia toleo lenyewe, jina peke yake halitoshi. Tulivyozoea Probox, Wish na Noah pale Malindi, mtu akiiona moja inauzwa huku moyo humruka. Hizo huku ni magari yaliyoagizwa kutoka Japani kwa njia ya pembeni, na kampuni nyingi huyakataa au huongeza bei kwa sababu vipuri na thamani yake ni taabu kukadiria.

Angalia pia kama gari liliwahi kuharibika hata bima ikaliandika hasara. Huandikwa Cat S ikiwa kiunzi kiliumia, Cat N ikiwa hakikuumia. Ni rahisi kununua, lakini lazima uitaje kwenye fomu, na likipata ajali tena utalipwa kidogo. Historia ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka, husomwa bure kwenye tovuti ya serikali, isome kabla ya kwenda kuliona.

Kwenye fomu, haya ndiyo husogeza bei:

Kazi. Andika kazi yako ya kweli, lakini jaribu majina mawili matatu yanayoieleza kwa haki. Mpishi wa shule na mpishi wa hoteli hawapewi bei moja. Usichague jina la kazi usiyoifanya.

Maili kwa mwaka. Hesabu, usikisie. Kazini maili 6 kwenda na 6 kurudi, siku 5, wiki 46, ni maili 2,760. Madrasa, soko na safari za kuwaona jamaa zikiongezwa, labda unafika 4,500. Wengi huandika 10,000 kwa uvivu na wakalipia barabara wasiyoiendesha. Wengine huandika 2,000 ili wapate rahisi, wakasahau kwamba kila MOT hunakili maili za gari.

Matumizi. Kuna ya nyumbani tu, yaani shughuli zako binafsi, na kuna ya nyumbani pamoja na kwenda kazini. Wewe chukua ya pili. Hata kuendesha hadi stesheni ya treni na kuliacha gari pale huhesabika kuwa ni kwenda kazini.

Aina ya bima. Thadi pati peke yake si lazima iwe rahisi huku. Wanaoichagua wamekuwa na ajali nyingi, hivyo kwa dereva mpya komprehensivu, ile inayolipia na gari lako mwenyewe, mara nyingine huja chini yake. Omba zote mbili.

Ekses, yaani kile unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Kuna ya lazima na kuna ya hiari, na dereva mpya huongezewa. Ukipandisha ya hiari bei hushuka, lakini jumlisha kwanza. Gari la pauni 1,500, ekses ya lazima 400 na ya hiari 500: likiharibika kabisa utapokea 600. Hapo umenunua bima ya jina tu.

Siku ya kununua. Wiki tatu hivi kabla ya bima kuanza ndipo bei huwa nzuri. Anayenunua leo ili aendeshe leo hutozwa zaidi. Tovuti moja haitoshi, kwani Compare the Market, MoneySuperMarket, Confused.com na GoCompare hazina orodha moja ya kampuni.

Kutoka: wa Mkomani, yuko London

Kuhusu malipo ya kila mwezi. Hayo ni mkopo, na mkopo una riba. Soma jumla ya mwaka kwenye karatasi. Mfano, bima ya pauni 1,200 ukilipa mara moja, na pauni 114 mara 12 ukilipa kwa mwezi, jumla ya pili ni 1,368. Pauni 168 ni riba tupu. Wengi wetu hatuitaki riba kwa sababu ya dini kabla hata hatujafika kwenye hesabu. Njia inayofanya kazi ni mchezo, yaani kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Kina mama wa kwetu wanaucheza kila mji huku, basi omba zamu yako iangukie mwezi mmoja kabla ya bima kuisha. Bima ya kwanza ndiyo ngumu. Ukiweza kusubiri zamu kabla ya kununua gari, subiri.

Juu ya boksi. Kampuni hukupa kifaa cha kufunga garini au programu ya simu, hupima mwendo, namna unavyofunga breki na kukata kona, na saa unazoendesha. Kwa dereva mpya mara nyingi ndiyo bima rahisi kuliko zote, nami naipendekeza kwa mwenye kazi ya mchana. Lakini soma sharti la usiku. Baadhi huzuia au hupunguza alama kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri. Anayefanya kazi ya usiku ghalani au kuwatunza wazee, na anayeswali alfajiri msikitini kiangazi, wakati swala iko mapema mno, atavunja sharti hilo kila siku. Uliza pia ada ya kufunga, ya kuondoa, na itakuwaje ukiuza gari katikati ya mwaka. Ikiwa ni programu ya simu, hakikisha safari unayokuwa abiria haihesabiwi kuwa yako.

Kutoka: wa Langoni, yuko Leicester

Shukrani sana, Mungu awalipe. Maswali matatu ya mwisho. Mdogo wangu ataka kutumia gari kupeleka vyakula jioni. Kuna mtu kwenye WhatsApp anauza bima kwa nusu ya bei, asema ni dalali. Na mwakani nataka kwenda Amu miezi mitatu, Maulidi inikute huko. Bima niiache vipi?

Kutoka: wa Malindi, yuko Birmingham

Wa WhatsApp, mwache leo hii. Hawa huchukua maelezo yako, hununua bima ya kweli kwa taarifa za uongo, umri mwingine, anwani nyingine, kisha hubadilisha karatasi ili uione safi. Au huinunua, hukutumia hati, kisha huifuta na kuchukua marejesho. Polisi akikusimamisha, aliye bila bima ni wewe. Dalali wa kweli ana nambari ya usajili ya FCA, mamlaka inayosimamia biashara za fedha, na jina lake lipo kwenye rejista yao ya wazi. Mpigie kwa simu iliyo kwenye rejista, usitumie ile aliyokupa. Baada ya kununua bima yoyote, angalia nambari pleti yako kwenye hifadhidata ya Motor Insurers' Bureau, ni bure kwa gari lako mwenyewe. Ukitaka dalali anayeelewa watu waliotoka nje, chama cha madalali BIBA kina huduma ya kukuelekeza. Kama uliwahi kuwa na bima kwa jina lako Kenya, leta barua ya kampuni hiyo yenye tarehe na kwamba hukudai kitu. Kampuni nyingi hazitaitambua, madalali wachache wataipigania.

Kupeleka vyakula kwa malipo hakumo kwenye bima ya kawaida, hata kifurushi kimoja. Mdogo wako anahitaji jina lake liwemo na bima ya usafirishaji wa malipo juu yake. Zipo zinazouzwa kwa saa au kwa mwezi, lakini baadhi hukubali tu kama bima ya msingi ya gari inaruhusu, na nyingi huweka umri wa chini na muda wa leseni. Aulize kabla ya kujiandikisha na kampuni ya vyakula.

Safari ya Amu: gari likiwa halina SORN, yaani taarifa kwa DVLA kwamba limeondolewa barabarani, lazima liwe na bima, hata kama limelala. SORN inaruhusiwa tu likiwa nje ya barabara ya umma, kwenye ua wako au gereji. Kama unalaza mtaani, SORN haikufai. Na kabla hujafuta bima kuokoa miezi mitatu, fahamu kwamba bonasi ya kutodai, yaani punguzo la asiyedai kitu kwa kampuni, hupatikana kwa mwaka mzima uliotimia. Ukifuta bima ikiwa na miezi 9, huna mwaka, na utatozwa ada ya kufuta. Kwa dereva mpya mwaka ule wa kwanza wa bonasi una thamani kubwa kuliko hiyo miezi mitatu, kwa hiyo iache iendelee, uwaarifu kwamba gari litakaa bila kutumika kwa sababu baadhi ya mikataba ina kikomo cha siku. Ukiweza, panga safari ianze mwaka wa bima ulipotimia, uombe cheti cha bonasi kwa maandishi, ukihifadhi. Kampuni nyingi hukipokea hadi miaka 2 baadaye. Na uzime usasishaji wa moja kwa moja kabla ya kupanda ndege, usije ukakatwa mwaka wa pili nawe uko Amu.