Kitako cha mninga na kitako cheusi: bunduki ni ileile, kwa nini watu wanaiogopa tofauti?

Seremala wa Ng'ambo (Tabora)
Mwangaluka wakuu. Mimi kazi yangu ni vitanda na milango, mambo ya Marekani huwa nayasikia redioni nikiwa naranda mbao. Ila kuna jambo limenikaa kichwani.

Mwezi uliopita mzee mmoja mfuga nyuki wa upande wa Sikonge alikuja na shotgun yake, haina risasi, kibali anacho mfukoni. Kitako cha plastiki nyeusi kilikuwa kimepasuka pale panapokaa bega. Alipoifunua kwenye kiroba tu, mama ntilie jirani yangu akabeba mtoto na kufunga mlango, wali ukaungua. Mzee akafungua kitako akaniachia, akaondoka na bunduki yake. Nilikuwa na kipande cha mninga kilichobaki kwenye kabati la bibi harusi. Nikachonga siku tatu, nikapiga msasa, vanishi mara mbili.

Mzee akarudi, akakifunga mwenyewe. Mama ntilie yuleyule akasogea, akapapasa ule mninga, akauliza: "Fundi, meza ya hivi ni shilingi ngapi?" Mtutu uleule, wakuu, na ulikuwa umemwelekea yeye.

Kijana wangu anayesoma chuo ananiambia Marekani waliwahi kupiga marufuku bunduki kwa kuangalia vitu kama kishikio na kitako. Ni kweli, au na wao walikuwa wanaogopa kama mama ntilie wangu?

Mstaafu wa Pori (Urambo)
Fundi, kijana kasema kweli ila kaacha nusu. Ile sheria Clinton aliisaini Septemba 1994, ikaisha muda 2004, Bunge lao likaiacha ife. Baadhi ya bunduki ilizitaja kwa jina, Colt AR-15 ikiwemo, ile nyeusi yenye sura ya kijeshi. Kwa ambazo haikuzitaja ikaweka kipimo: rifle inayojipakia yenyewe, yenye magazini (kisanduku cha risasi) ya kuchomoa, ikikutwa na vitu viwili kati ya hivi haitengenezwi tena mpya kwa kuuzia raia: kitako cha kukunja, kishikio kama cha bastola, mahali pa kufunga singe (kisu cha mtutuni), kificha mwako mtutuni, au kirusha bomu. Singe, fundi! Kana kwamba majambazi wa Chicago walikuwa wanachomana singe. Viwanda vikang'oa pa singe na kificha mwako, bunduki ikarudi dukani na jina jipya, utumbo ni uleule.

Sasa iangalie Ruger Mini-14. Ya kawaida ina kitako cha mbao, sura ya bunduki ya mzee wako wa Sikonge. Inakula risasi ya .223 kama AR-15, inajipakia vilevile, magazini inachomoka vilevile. Sheria hiyohiyo iliiandika kwa jina kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, ilimradi kitako kisiwe cha kukunja. Na ndiyo aina iliyotumika Montreal, Canada, 1989, wanawake 14 wakauawa. Norway 2011, kisiwa cha Utøya, walikufa 69. Muuaji alikuwa na Mini-14 na bastola.

Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori Ugalla. Silaha iliyotutesa ilikuwa gobore: bomba na kipande cha mti, vimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ukiliona unacheka. Tembo hacheki.

Bint Kasulu (Kigoma)
Shikamooni baba zangu. Naona mnaizungumza sura kama vile si kitu.

Mwaka 2003 nilikuwa kwenye basi natoka Kibondo, enzi zile basi halikatizi lile pori bila askari ndani, na siku hiyo askari hakuwepo. Gogo barabarani. Wakatoka watatu, mmoja kashika SMG, hiyo ambayo wengine wanaiita AK-47. Tulishushwa, tukalala kifudifudi kwenye vumbi jekundu, kuna mama alikuwa na wiki mbili tangu ajifungue kwa upasuaji na alilala hivyohivyo. Nikatoa hela zangu za dagaa, laki moja na themanini, na doti mbili za khanga nilizokuwa sijazifungua. Hawakupiga risasi hata moja.

Walipokamatwa, ile SMG ikaonekana ni ya mti. Imechongwa, ikapakwa kiwi ya viatu, magazini yake bati lililokunjwa. Seremala mwenzako, fundi.

Kwa hiyo mimi niliibiwa na sura. Na mtu anayetafuta bunduki yenye sura ya vita anajua kwa nini anaitaka hiyo, si ya mninga. Halafu kitako cha kukunja si pambo, kinaingia chini ya koti.

Dogo wa Cheyo
Fundi, kama mninga unaipunguzia bunduki makosa, nichongee na mimi tangi la bodaboda, trafiki wasinisimamishe.

Mstaafu wa Pori (Urambo)
Marahaba binti, na pole sana. Kwenye kitako cha kukunja umenishinda, nakubali.

Lakini anayetaka kupunguza maiti ahesabu magazini inabeba ngapi na bunduki inajipakia vipi. Hata ile sheria ya 1994 ilizuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10, na kwangu hicho ndicho kilikuwa kipengele chenye akili, ila kelele zikaishia kwenye vishikio. Australia baada ya mauaji ya Port Arthur 1996, watu 35 wamekufa, hawakuuliza rangi: rifle zinazojipakia, za mbao na za plastiki, serikali ikazinunua na kuziharibu. New Zealand 2019, baada ya watu 51 kuuawa misikitini Christchurch, wakafuata njia hiyohiyo. Na huko Marekani wengi wanaouawa kwa bunduki wanauawa kwa bastola, kidude cha mfukoni ambacho hakina sura ya vita wala nini.

Bint Kasulu (Kigoma)
Nimekuelewa baba. Ila wewe hukulala kwenye lile vumbi.

Seremala wa Ng'ambo (Tabora)
Asanteni. Dogo wa Cheyo, tangi la mninga njoo na hela kwanza.

Mzee wa nyuki alinipitia jana jioni, amekiweka kile kitako kwenye kiroba. Anasema wanaokuja usiku kumwibia mizinga wamemzoea. Wa mwisho alimwambia ameshika mguu wa kitanda. Anataka nikipake rangi nyeusi. Nimemwambia vanishi yangu haikwanguliwi bure, na sasa hivi tunabishana bei.