Zelda II imenishushia leveli zote. Nibadilishe betri ya kaseti?

Kisusio (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nacheza Zelda II: The Adventure of Link, gemu ya zamani ya Nintendo, nimefika kasri la nne, Maze Island. Leveli zangu zilikuwa Attack (shambulio) 6, Magic (uchawi) 5, Life (uhai) 2. Wale askari wa ngao wamenimaliza, maisha yakaisha, nikarudishwa North Palace, pale gemu inapoanzia. Kufungua menyu: 2, 2, 2! Nahisi betri ya kaseti inakata roho. Betri mpya ya kidonge, CR2032, nimeshanunua, solda imeshapata moto. Nabadilishaje bila kupoteza nilichoseva? Mzaha sitaki.

Fundi_Risasi
Zima solda kwanza. Skrubu za kaseti ya NES (mashine ya Nintendo ya Marekani na Ulaya) zinafunguliwa kwa biti maalumu ya milimita 3.8, bisibisi ya kawaida itazila vichwa. Betri yenyewe nunua iliyochomelewa miguu tayari kiwandani. Ukiichoma moto betri tupu inaweza kukupasukia usoni. Ng'oa ya zamani, safisha matundu, angalia alama ya + kwenye ubao, rudisha mpya upande uleule. Ukiing'oa tu, ulichoseva kimefutika. Ukitaka kipone, unganisha betri mbili za AA, yaani volti 3, sambamba na ile ya ndani kabla hujagusa kitu. Ncha ya solda ikiteleza ikagusanisha + na −, basi tena.

MzeeWaKwanza
Ushauri wangu: achana nayo, rudi kwenye Zelda ya kwanza, ile ya 1986. Unamwona Link, shujaa wa gemu, kutoka juu, ramani yote iko mikononi mwako. Hii ya 1987 walimgeuza ubavu, wakaleta pointi za uzoefu na idadi ya maisha. Nani aliwaomba?

Mshumaa
Mzee, kupigana kwa upanga ndiko kunakoibeba hii. Ngao ya juu, ngao ya chini, adui naye anakusoma. Nenda mji wa Mido, tumia uchawi wa Jump uingie ule mlango wa juu wa kanisa, ufundishwe kuchoma kwa kushuka. Ukishaupata, nusu ya kero zako zimekwisha.

MzeeWaKwanza
Na nusu nyingine ni kutembea upya kutoka North Palace kila ukifa. Ukiondoa Great Palace, kasri la mwisho, hakuna huruma.

Sukari_Guru
Nenda mji wa Ruto ukamuulize yule jamaa anayeitwa Error. Atakutajia jina lake, urudi nyumbani.

Kisusio
Nimesema mzaha sitaki. Fundi, betri niliyonayo haina miguu. Nikiigusisha solda sekunde moja tu?

Fundi_Risasi
Hapana. Halafu ukizima, unashikilia RESET ndipo unabonyeza POWER? Usiposhikilia, umeme unaposhuka prosesa inaandika takataka kwenye kumbukumbu. Seva nyingi hufia hapo, betri inasingiziwa. Ipime: mpya inasoma kama volti 3.2.

Kisusio
Huwa nashikilia.

Adabu_Kwanza
Vijana hamtaki kufa. Gemu hii inakutaka ufe, ujifunze, urudi. Life 2 ndani ya kasri la nne ni kiburi.

Pini60
Jamani, hii ni chai. Betri ikifa, jina lako lote linatoweka pale mwanzo. Haijui kukuchagulia leveli ya chini na kusawazisha nyingine nayo. Kinachofanya hivyo ni toleo la Japani la Famicom Disk System (kifaa cha diski cha Famicom, yaani NES ya Japani), la Januari 1987: maisha yakiisha, leveli zote tatu zinashuka hadi ile iliyo chini kuliko zote. Kaseti ya NES ya 1988 inakufutia pointi ulizokuwa unakusanya tu, leveli zinabaki. Na diski ni ya sumaku, gemu inaandikwa humohumo, haina CR2032. Kisusio, leveli ya kwanza ya Life ulilipa pointi ngapi? Kwenye kaseti Life ni 50, Magic 100, Attack 200. Kwenye diski bei zinalingana.

Sukari_Guru
Chai ya tangawizi. Mimi naleta sukari.

Kisusio
Zililingana.

Pini60
Kaseti iko wapi?

Kisusio
Sina bado. Nacheza faili la diski kwenye simu, kwa emyuleta, programu inayoiga mashine ya gemu. Nilijua nikitaja emyuleta mtanikimbia. Lakini kaseti ya dhahabu kuna mtu ananiuzia, nusu ya hela nimeshatuma, akasema betri ni ya zamani, ndiyo maana nikanunua na solda. Siyo uongo, ni maandalizi.

Adabu_Kwanza
Maandalizi! Solda imepata moto ya kuchomea nini, simu?

Mshumaa
Mwacheni. Kisusio, kwenye hilo faili la diski usiziache leveli zipishane: 3-3-3, halafu 4-4-4. Attack 6 na Life 2 ni sawa na kuweka rehani hizo nne za juu. Na huko kasri la nne usiingie bila Reflect, uchawi wa kurudisha miali. Mtafute mtoto humo humo Maze Island, umrudishe mji wa Darunia, utafundishwa. Yule mchawi Carock anakufa kwa miali yake mwenyewe: chuchumaa pembeni, ngao mbele, acha irudi.

Kisusio
Kwa hiyo kaseti itanifaa kuliko diski. Nilikuwa sahihi.

Pini60
Kwa sababu ambayo hukuijua, ndiyo. Mashine yako ni ipi?

Kisusio
Hizi gemu za TV za kawaida.

Pini60
Nyingi za huku zinakula kaseti za pini 60, kama Famicom. Ya dhahabu ya Marekani ina pini 72, haiingii. Tafuta adapta: mdomo wa pini 72 juu, meno ya pini 60 chini. Ukinunua ya kinyume umetupa hela. Na kabla hujamalizia malipo, mwambie muuzaji afungue, apige picha ubao, muone betri na kutu.

Fundi_Risasi
Na pini zisafishwe kwa spiriti na pamba, siyo kupuliza kwa mdomo. Mate yanaleta kutu.

MzeeWaKwanza
Akiwa na mashine tayari, si aanze na ile ya 1986?

Pini60
Kisusio, ulichoseva kwenye simu hakihamii kwenye kaseti. Utaanza 1-1-1.

Kisusio
Sawa. Naanza na Attack.