Wazazi U-13 Soweto, Moshi

Mama Careen: Jamani poleni na jana. Mbili bila si msiba.

Baba Ian: Si msiba ila inauma. Ile kona Ian kamwacha mtu wake, nimeona kwa macho yangu. Nimemwambia toka Pasua mpaka nyumbani.

Mama Careen: Mlirudi kwa mguu?

Baba Ian: Kwa boda. Yeye katikati.

Mama Careen: Yaani mtoto kabanwa katikati, wewe nyuma unamsemea sikioni njia nzima 😂 angekimbilia wapi

Mama Jose: 😂😂😂

Mzee Shirima: Baba Ian, sauti yako niliisikia nikiwa ng'ambo ya kiwanja. "Toa! Piga! Rudi!" Mtoto anakuangalia wewe, mpira unampita.

Kocha Rama: Shikamoo Mzee. Hapo umesema. Mimi namwambia akae, mtu wa nje anamwambia panda. Wa miaka 12 hawezi kumkatalia baba yake mbele za watu, basi anasimama tu.

Baba Ian: Namnunulia njumu, namlipia mazoezi, halafu nisiseme? Samatta angelelewa hivi angefika?

Mzee Shirima: Marahaba kocha. Samatta huyohuyo. Kaenda Genk Januari 2016 ana miaka 23, kwanza kapita Simba, kapita TP Mazembe. Wewe wa darasa la sita unamkimbiza wapi?

Baba Kelvin: Na Simbu je? Dhahabu ya marathoni Tokyo 2025, mtu ana 33!

Mama Ian: Naomba na mimi niseme. Ian goti linamuuma. Leo kanisani nimemwona anapanda ngazi kwa kuburuza mguu. Nimemshika, chini ya goti pana kinundu, nikikigusa anaruka. Kumbe ni siku nyingi. Namuuliza mbona hukusema, ananiambia "Baba atasema nadeka."

Mama Jose: Mmh.

Baba Ian: Hilo ndiyo kwanza nalisikia.

Mama Ian: Utalisikiaje na ulikuwa unaongea kona?

Nesi Upendo: Mama Ian, amerefuka karibuni?

Mama Ian: Sana. Suruali za Januari zote zimekuwa fupi.

Mama Jose: Mchue na mafuta ya moto dada, linashuka lenyewe.

Nesi Upendo: Hapana jamani, msimchue! Kwa maelezo hayo huenda ni lile la watoto wanaokua haraka. Kano la goti linashikilia juu ya mfupa wa ugoko, na pale mfupa bado mlaini. Akipiga mashuti na kuruka kila siku linavuta, panavimba na kuuma. Apunguze kukimbia na kuruka, aweke barafu kwenye kitambaa, kwa kawaida huisha akimaliza kurefuka. Ila mlete aonekane, siwezi kupima goti kwa simu. Na likivimba lote, au likimwamsha usiku, au akapata homa, msingoje kesho.

Baba Ian: Kwa hiyo asicheze? Mchujo wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, si ndiyo huu unakuja? Nafasi yake itachukuliwa na kijeba.

Baba Kelvin: Vijeba tena! Namba tisa wa jana kanyoa ndevu asubuhi 😂 Na sisi tupunguze miaka kwenye vyeti, yaishe.

Kocha Rama: Kwangu hapana. Kombe la Dunia la U-17, FIFA wanapiga picha ya kifundo cha mkono tangu 2009, mfupa unasema. Na ukimpunguzia mtoto miaka umempa siri ya kubeba kila akiulizwa ana umri gani. Ana mizigo ya kutosha.

Nesi Upendo: Na mapumziko. Madaktari wa watoto Marekani wanashauri walau siku moja au mbili kwa wiki bila mazoezi, na jumla ya miezi mitatu kwa mwaka mbali na mchezo wenyewe. Wetu wanacheza shuleni, wanakuja kwa kocha, jioni chandimu mpaka giza. Magoti ya chuma hayo?

Baba Ian: Sasa nikimchukua uwanjani nimwambie nini? Ninyamaze kama sijaona?

Mama Careen: Mimi Elia wangu nampa maji na ndizi, namuuliza nyumbani tupike nini. Basi. Mpira anauanza mwenyewe, mara nyingi kesho yake akiwa bafuni, ananisimulia kwa kupiga kelele mlango umefungwa. Hapo ndipo utajua kilichomuuma, na mara nyingi wala si goli. Jana kumbe ni kwamba wenzake hawakumpa pasi.

Baba Ian: Sawa. Jumamosi nanyamaza. Ila refa akikosea?

Kocha Rama: Hata refa.

Baba Ian: Na mtu akiotea wazi kabisa?

Mzee Shirima: Utasimama na mimi. Nitakuja na karanga, mdomo uwe na kazi.

Mama Ian: Ian Jumamosi hachezi lakini. Kesho namleta kwa Upendo.

Kocha Rama: Hachezi, ila aje na jezi yake akae na wenzake. Na asiulizwe ulizwe lini anarudi.

Mama Jose: Nauli ya Jumamosi wengine bado hamjatuma. Baba Kelvin nakuona uko hewani.