Shoryuken kwa kitufe kimoja: haki au mteremko?

Kijiti_Kirefu: Wakuu, juzi nimepigwa mechi nne mfululizo za Street Fighter 6, gemu ya kupigana, na dogo aliyeanza kucheza wiki mbili zilizopita. Kila nikiruka, Shoryuken hii hapa, ile ngumi ya kupaa inayomdaka mtu akiwa hewani. Kosa la kuruka ni langu, sikatai. Ila imeniuma kiasi cha kuleta mada.

Kwa wasiocheza: tangu Street Fighter II ya 1991, pigo hilo ni mbele, chini, mshazari wa chini-mbele, halafu ngumi. Capcom, watengenezaji wake, walipotoa toleo hili la sita mwaka 2023 wakaweka mitindo miwili ya kuchezea mtandaoni. Classic ni ile ya vitufe sita, ngumi tatu na mateke matatu. Modern ina kitufe cha mapigo maalumu: elekeza, bonyeza, limetoka. Kama fidia, pigo la mkato kama hilo hupunguzwa nguvu kwa asilimia 20, na baadhi ya mapigo ya kawaida huyapati.

Hoja yangu ni kwamba fidia hiyo imewekwa pasipostahili. Mtu wa Modern hajaongezewa nguvu, ameongezewa muda. Gemu inakwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Wote wawili tunamwona adui akiruka kwa wakati mmoja, lakini kidole changu bado kina vituo vitatu vya kupita, chake kimeshafika. Na kujikinga ni kushika nyuma, sasa mimi naanza safari kwa kwenda mbele. Nimeacha mlango wazi kabla sijapiga! Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya Shoryuken miaka yote, na bei hiyo imefutwa. Wamrudishie nguvu yake yote, lakini pigo la mkato lichelewe fremu chache kutoka.

Mama_Chun: Kwa hiyo aliyekupiga ni kitufe, siyo dogo? EVO ya 2023, yale mashindano makubwa ya gemu za kupigana kule Las Vegas, gemu hii ilikuwa na washiriki zaidi ya 7,000. Aliyebeba ubingwa ni AngryBird wa Falme za Kiarabu, akimchezea mhusika Ken kwa Classic. Mteremko gani huo usiomfikisha mtu kileleni?

Kijiti_Kirefu: Dada, mimi sichezi Las Vegas. Bingwa ana vidole vya kufidia hizo fremu. Mimi na wewe huku chini ndiko zinakotuumiza.

Bandari7: Naomba nizungumze kwa upande mwingine. Kaka yangu alipata ajali ya bodaboda, dole gumba la kushoto halikunji. Enzi za Street Fighter V alikuwa anashika pedi ya gemu kwa heshima tu, Hadoken (lile pigo la kurusha mpira wa nguvu) moja kwa majaribio matano. Leo anacheza na anashinda. Mkuu, ukichelewesha pigo lake unamtoza kodi ya ajali. Asilimia 20 anaivumilia, maana anaijua na anaipangia hesabu. Kuchelewa hakupangiki: pigo lililochelewa mara nyingi ni pigo lililokosa.

Mama_Chun: Hapo sasa.

Kijiti_Kirefu: Hilo sikuwa nimelifikiria, nakiri. Lakini basi tusiseme ni usawa, tuseme ni upendeleo tuliokubaliana.

Tumbili_wa_Pedi: Mbona mnabishana kama hakuna aliyewahi kujaribu njia nyingine? Granblue Fantasy: Versus ya 2020 ilikuwa na mkato pia. Pale pigo la mkato hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kutumika tena kuliko lililopigwa kwa kuzungusha kijiti na vitufe kama zamani. Malipo ni ya muda, kama anavyotaka Kijiti, ila yanakuja baada ya pigo. Kaka wa Bandari7 anapiga papo hapo, kisha anakaa bila silaha yake kwa muda, na wewe unaruka salama.

Bandari7: Hiyo hata kaka angeikubali.

Kijiti_Kirefu: Nimeipenda nusu. Kwenye Hadoken inafaa sana, maana yule wa kurusha mfululizo atatulia. Kwenye Shoryuken bado nina shaka: moja ikishaniangusha, yeye ndiye anakuja juu yangu, na mpaka niinuke silaha yake huenda imeshakuwa tayari tena. Itategemea wameweka sekunde ngapi.

Mama_Chun: Au uache kuruka.

Kijiti_Kirefu: Au niache kuruka, ndiyo. Dogo yuko mtandaoni sasa hivi, ngoja nikajaribu.