Mrejesho: kadi za mpira zilizobandikwa kwenye daftari la marehemu baba

Wakuu, nimerudi. Ni yule wa Kirumba niliyeuliza namna ya kubandua kadi 17 za wachezaji mpira za A&BC, kampuni ya Uingereza iliyoziuza pamoja na bigijii, ambazo marehemu baba alizibandika daftarini. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa unyevu wa taratibu: ndoo ya plastiki yenye mfuniko, taulo lililokamuliwa chini, daftari juu ya wavu wa kuchomea samaki lisiguse maji. Baada ya saa tano gundi ya uji wa ngano ililainika, kadi 13 zikaachia bila kuchanika. Nilizikausha kati ya karatasi nyeupe, tofali juu.

Nne zimeshindikana. Hizo baba alitumia gundi ya viatu. Nililazimisha moja, ya Bobby Moore, nahodha wa zamani wa England, mgongo wote ukabaki daftarini. Iliniuma mno. Tatu nimekata ukurasa pembeni yake nikaziacha hivyo hivyo.

Uliyenionya nisisugue nyuma kwa sarafu, ubarikiwe: mbili zina swali nyuma ambalo jibu lake huonekana ukisugua kwa sarafu, na bado limefichika, baba hakuwahi kulisugua.

Sasa ziko kwenye mkebe na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.