Prosesa mpya: kununua siku ya uzinduzi au kungoja mpinzani ajibu?

Video_Kisauni: Assalamu alaikum wanajamvi. Kazi yangu ni kuhariri video za arusi, na za Mfungo Mosi ndizo zinilishazo. Kompyuta yangu ya kori nne (yaani prosesa, ubongo wa kompyuta, ina vitengo vinne vya kufanya kazi) imechoka, nataka kuunda nyingine ya mezani. Ninunue prosesa ya Intel au AMD pale tu inapotoka, au ningoje mwenzake ajibu?

Fundi_MwembeTayari: Waalaikum salaam kaka. Ngoja. Kumbuka 2017. Kwa miaka kumi hivi Intel ilituuzia kori nne kwenye mashine za kawaida kwa kuwa hakuna aliyeisukuma. Januari ikatoa prosesa ya i7-7700K, kori nne zile zile. Machi AMD ikaleta Ryzen 7 za kori nane. Ile 1700 kwa dola 329, na wakati huo i7-6900K ya Intel, nayo kori nane, ilizidi dola 1,000. Oktoba Intel ikatoa i7-8700K ya kori sita! Mteja wangu aliyechukua 7700K aliumia sana, maana 8700K ilidai bodi mama mpya ingawa soketi, pale prosesa inapochomekwa, yaitwa LGA1151 vilevile.

Mkaazi_Nyali: Mimi sikubali. Tarehe 27 Septemba 2022 Ryzen 7000 za AMD ziliingia sokoni, na siku hiyo hiyo Intel ikatangaza kizazi cha 13 cha prosesa zake. Ukingoja jibu, litakuja jibu la jibu. Bibi arusi hangoji.

Mama_Likoni: Wanangu, mwaangalia bei na kori tu. Haraka ya kushindana ina madhara yake. Machi 2000 AMD ilifika kasi ya gigahezi 1 kwa prosesa yake ya Athlon, siku mbili baadaye Intel nayo ikafika. Mwaka huo huo Intel ikakimbilia Pentium III ya gigahezi 1.13, na Agosti ikalazimika kuirudisha kwa kukosa uthabiti.

Na siku hizi ushindani umeingia kwenye umeme. Ili kila mmoja aongoze kwenye vipimo vya siku ya kwanza, i9-13900K ya Intel yaruhusiwa kufika wati 253, na Ryzen 9 7950X ya AMD imeundwa ifanye kazi hadi nyuzi joto 95. Kwa joto letu la Februari, chumba kisicho na AC, feni italia usiku kucha.

Ngoja, lakini usingoje mpinzani. Ngoja toleo tulivu la prosesa ile ile. Ryzen 5 7600X ilitoka kwa dola 299. Januari 2023 ikaja 7600, ya wati 65, kwa dola 229, na tofauti ya kasi ni ndogo.

Fundi_MwembeTayari: Hapo Mama umenigusa. Zile zenye X huzinduliwa kwanza, na ndizo zinazorudi kwangu kwa joto.

Video_Kisauni: Shukrani Mama. Chumba changu hakina AC, basi nachukua ya wati 65, dola zinazobaki nazitia kwenye ramu. Fundi, nije Jumamosi?

Fundi_MwembeTayari: Njoo baada ya Alasiri. Uje na ile ya zamani, tuhamishe diski zako.